Mwewe wa Mwalimu Aristides

Juu ya kijiji cha Kamuli, wilayani Kyerwa, kuna kilima cha nyasi ambako Mwalimu Aristides hurusha ndege ya rimoti kila siku saa kumi alasiri. Alifundisha sayansi shule ya msingi kwa miaka thelathini na minne, kisha akastaafu. Mkewe, Sperancia, amezikwa kwenye migomba nyuma ya nyumba. Watoto wako Mwanza na Dodoma, na mmoja wao ndiye aliyemletea ile ndege nyeupe, nyepesi kama sponji ya godoro, ili baba apate kitu cha kufanya.

Kitu cha kufanya alikipata. Mtu wa kuzungumza naye hakumpata. Watu walipita na mizigo ya nyasi kichwani, wakamwamkia, wakaenda zao. Jirani yake Nolasco ndiye pekee aliyesimama, naye alisimama ili acheke.

"Shikamoo, Mwalimu. Leo abiria wangapi?"

"Marahaba. Imejaa. Wewe kata tiketi ya kesho."

Baadaye akaja mwewe. Siku ya kwanza aliivamia ndege na kupasua bawa. Mwalimu alilibandika kwa gundi, akarudi kesho yake, na mwewe naye akarudi. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ulipofika, Mwalimu alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Alibandika senene wachache chini ya bawa kwa uji mzito. Upepo ulipowabandua, mwewe aliwadaka kwa kucha na kuwala hukohuko angani. Kufikia Krismasi alikuwa haipigi tena ndege. Aliruka chini ya bawa lake, wakakizunguka kilima pamoja, na Mwalimu akajikuta anamsimulia mambo ya nyumbani kwa sauti.

Senene waliisha, lakini mwewe hakuondoka. Alianza kushuka kwenye vibanja vya bondeni, kati ya migomba na nyumba za watu, na vifaranga wakaanza kupotea.

"Kumi na mmoja, Mwalimu!" alisema Adventina, mama wa nyumba ya tatu, alipokuja jioni moja na majirani watano, Nolasco akiwemo. "Nimebaki na wawili. Wewe una chombo huko juu. Mfukuze huyu mwizi."

Tangu msiba wa Sperancia, nyumba ile haikuwa imepata wageni wengi namna hiyo. Mwalimu alitandika nyasi mpya sakafuni za kukalia wageni, akawapitishia punje za kahawa za kutafuna. Walikuja jioni tatu mfululizo kupanga vita vyao. Nolasco aliuliza habari za wajukuu, akasikiliza majibu. Mara mbili Mwalimu alifungua mdomo kueleza ni nani aliyemzoesha mwewe pale, na mara mbili akaufunga. Aliogopa wangeinuka na kuondoka.

Jumamosi walipanda kilima wote. Ndege ikapaa, na haukupita muda mwewe akatokea. Mwalimu akaielekeza kwake moja kwa moja, kwa kasi yote.

Mwewe hakukwepa. Aliikaribia ndege kwa chini, akajigeuza kidogo, akanyoosha kucha juu kama alivyozoea, akingoja senene.

"Mpige!" alipiga kelele Nolasco. "Mpige, Mwalimu!"

Muda wa kukata kona ulikuwepo. Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Adventina alikuwa amemshika bega, na wengine walimsogelea hata akasikia pumzi zao. Hakukata kona.

Manyoya yalitawanyika. Mwewe alianguka kama nguo iliyotupwa, akajizuia juu ya mafunjo, kisha akaruka karibu na ardhi kuelekea mto Kagera, mguu mmoja ukining'inia. Watu walishangilia. Usiku huo Adventina alileta jogoo, wakala wote nyumbani kwa Mwalimu, na Nolasco akaigiza tukio lile mara nne.

Mwewe hakuonekana tena. Kuku wa Adventina waliangua upya, vifaranga wakakua wote. Hapakuwa na la kupanga, basi hakuna aliyekuja. Mwalimu aliendelea kutandika nyasi mpya kila Jumamosi, zikakauka bila kukaliwa.

Mwezi wa tatu baada ya siku ile, alimkuta Adventina kisimani.

"Mama, yule mwewe," alisema, "nilimleta mimi. Nilikuwa namlisha. Alikuja akidhani nampa chakula."

Adventina alicheka mpaka akashika kiuno. "Mwalimu nawe! Mwewe naye anafugwa?"

Alijitwika ndoo, akamuaga, akapanda njia ya kwake akiendelea kucheka.