Aliyeshika Kamba Akisema Toka

Siku ile ya Goba naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Ilinirudia tena jana uliponionyesha kwenye simu kanuni za chama chenu cha mafundi, ulizoziandika peke yako, ukaniambia wenzako watasomewa tu Jumapili. Watasomewa! Hebu kaa kwanza.

Ujanani nilikuwa mchimba mashimo ya vyoo. Usicheke, hizo nyumba za milimani unazozisifia zina mashimo yetu chini yake. Kiongozi wetu alikuwa Mzee Sefu, fundi hasa, mkali kama pilipili. Mwenzetu mmoja alipofukiwa na udongo kule Kibamba akafa, Mzee alituita tupange sheria za kazi. Yeye alitaka kila mchimbaji ajiamulie mwenyewe wakati wa kutoka shimoni. Sie tukakataa. Tukasema aliye juu, aliyeshika kamba ya mchimbaji, ndiye anayeuona ufa wa udongo. Akisema toka, unatoka, uwe nani.

"Yaani mie nitolewe shimoni na mtu niliyemfundisha kushika sururu?" Mzee akafoka. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mikono ikanyooshwa, akashindwa. Akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Haukupita muda, tukawa Goba, yeye chini, mie juu na kamba. Mvua ilikuwa imenyesha. Kazi ilibaki kidogo tu, na mwenye nyumba alisimama pale akisubiri tumalize. Mara nikaona ufa, mwembamba, pembeni ya mdomo wa shimo. Nikinyamaza na udongo ukashuka, nimemuua. Nikimwita bure, nimemuaibisha mbele ya watu. Nikapiga kelele, "Mzee, toka!"

Akainua uso, akanitazama. Kisha akaweka sururu chini, akapanda.

Tukangoja. Halikuanguka hata bonge moja. Mwenye nyumba akacheka, "Mzee mzima unaamrishwa na kijana?" Nilitamani lile shimo linimeze mie. Nikaanza kumwomba Mzee radhi.

Akanikata kauli. "Usiniombe radhi hata siku moja! Kesho ukiona ufa, niite tena." Halafu akamgeukia mwenye nyumba, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake: "Hiyo ndiyo sheria yetu, bwana. Tutarudi udongo ukikauka."

Yetu! Yeye aliyeipinga mpaka akaondoka bila kuaga! Hakukuwa na mtu mjini hapa mwenye ubavu wa kumtoa Mzee Sefu shimoni, labda mkewe. Sheria ile ilimtoa kwa sababu alikuwepo ikitungwa, akasikilizwa, akabisha weee mpaka akaishiwa maneno. Mpaka leo sijaona jambo kubwa kuliko lile.

Kwa hiyo Jumapili nenda na kanuni zako, mwanangu, lakini waachie wenzako wazivuruge. Yule mbishi wenu unayemkwepa, mpe nafasi ya kwanza kusema. Wakiamua usivyotaka, kubali, kisha uwe wa mbele kufuata. Fundi akiwa kazini peke yake wewe hupo, na simu yako haipo. Atakachokuwa nacho ni kile alichokubali mwenyewe mbele ya wenzake.

Mungu akupe masikio makubwa kuliko cheo chako, na kila atakayeshuka kazini chini ya uongozi wako apande salama, akale na wanawe.