Pelouse ya Papa Célestin na Lenga-lenga ya Mama Tania

Kwetu Mangobo, hapa Kisangani, ua safi ni ua mtupu. Asubuhi wanawake wanafagia udongo mpaka unang'aa kama kipara cha askofu, na ukiacha majani yachipue mbele ya mlango, majirani wanajua: huyu ama ni mvivu, ama anafuga nyoka, ama vyote viwili. Katika mtaa wa namna hiyo Papa Célestin alipanda majani. Kwa makusudi. Kwa mistari.

Tusimcheke kwanza, nafasi itapatikana. Miaka thelathini na moja alikata majani ya uwanja wa ndege kule Bangboka. Wakubwa walipanda ndege, yeye akakata majani. Wakubwa walishuka, majani yameshaota tena. Siku ya kustaafu walimpa karatasi yenye muhuri, akarudi nyumbani, akatazama ua wake mwekundu, akaona dunia imepungukiwa. Alitaka pelouse: majani mafupi ya kutazamwa tu, yasiyoliwa na mtu wala mbuzi.

Nafasi pekee ilikuwa nyuma ya nyumba, na hiyo ilikuwa ya mkewe Delphine, ambaye mtaa unamwita Mama Tania kwa jina la binti yao. Delphine alilima pale lenga-lenga, huu mchicha wetu usiokosa sufuriani. Basi Tania alipojifungua kule Yanonge, mama yake akashuka mto kwenda kumsaidia, na Papa Célestin akachukua jembe. Alipanda pelouse juu ya bustani nzima, akabakiza kipande kimoja cha pembeni, upana wa kitanda cha watu wawili. Alitaka kumshangaza mkewe.

Akamshangaza. Delphine alirudi baada ya miezi miwili, akazunguka nyumba, akasimama.

"Célestin, hii ni nini?"

"Pelouse, chérie."

"Inapikwa na nini?"

"Hapana kupika. Iko ya kuangalia."

"Bon. Baki unaangalia." Mzigo wake ulikuwa haujafunguliwa, akaubeba tena hivyo hivyo. "Siku chakula itaota mu parcelle yangu, utaniita."

Miezi saba imepita tangu hapo.

Wanasema mwanamume anaweza kuzoea chochote. Wanaosema hivyo wana mtu wa kuwapikia. Papa Célestin alijifunza kuunguza samaki upande mmoja na kumwacha mbichi upande wa pili. Lakini chakula si kitu. Kilichomtesa ni habari. Anasikia jambo barabarani, jambo tamu la umbea, analibeba mpaka nyumbani kama yai mkononi, anafungua mlango: "Delphine, umesikia..." Kisha anabaki na yai lake. Usiku alilala upande wake wa kitanda bila kuvuka mpaka, na asubuhi alitandika upande wa pili ambao hakuna aliyeuvuruga. Namba ya Delphine aliitafuta kwenye simu kila siku, akaitazama, akazima simu. Angemwambia nini? Masharti yalikuwa wazi. Chakula kiote kwanza.

Akapanda mbegu kwenye kile kipande cha pembeni. Lenga-lenga ikaota njano, nyembamba, kama wanafunzi wa mwezi wa tatu wa mgomo. Udongo ulikuwa umechoka. Unahitaji mbolea, na si ile chumvi nyeupe ya dukani, maana Delphine alikwisha kuapa kwamba mboga ya dawa haiingii kinywani mwake. Ilipasa kuwa mbolea ya kutoka nyuma ya mnyama.

Alianza na kuku. Akaleta gunia zima la mavi ya kuku, bado ya moto, akayamwaga mashinani siku hiyo hiyo kwa ukarimu wa mtu mwenye haraka ya mke. Baada ya siku nne miche ilikuwa imeungua kama samaki wake.

Akapanda upya, safari hii na makapi ya mpunga kutoka kinuni. Makapi yalikaa juu ya udongo, mazuri, ya dhahabu, bila nia yoyote ya kuoza. Kwa kuoza yangehitaji miezi. Papa Célestin hakuwa na miezi mingine ya kutoa.

Akaenda kwa Moussa, muuza ng'ombe.

"Hii, papa, iko mzee kabisa," Moussa alisema, akipiga fungu la samadi kwa teke la heshima. "Haina harufu. Hata mu salon unaweza kuweka."

Kweli haikuwa na harufu. Ilikuwa na mbegu. Ng'ombe wale walikula majani njia nzima mpaka Kisangani, na kila jani walilolimeza likaamua kufufukia kwa Papa Célestin. Wiki mbili baada ya kupanda mara ya tatu, lenga-lenga ilikuwa imezama katika majani. Mtu aliyemkosa mke kwa sababu ya pelouse sasa alikuwa na pelouse mbili.

Mama Fatouma, jirani aliyetoka Maniema zamani, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Papa Tania, Mungu anakupenda! Uliomba majani, anakuongeza!"

"Mama Fatouma, usinicheke. Mi nataka bibi yangu arudi."

Alilisema kwa sauti, mchana, mbele ya ukuta wa jirani. Mama Fatouma akaacha kucheka.

"Weye, miaka yote ile, hukuona mwenzako anafagia?"

"Niliona. Kila mutu anafagia."

"Siye tunafagia, tunachoma. Yeye hakuchoma hata siku moja. Takataka ya ua, maganda ya ndizi, magamba ya samaki, majivu ya moto, yote alikuwa anafukia mu shimo. Ikijaa, anafunika, anaacha, kisha anachota udongo yake kulisha mboga. Njo mbolea yake ile."

"Shimo iko wapi?"

Mama Fatouma akanyoosha kidole juu ya ukuta. Katikati ya pelouse, ambayo kwingine ilikuwa na rangi ya mkeka wa zamani, palikuwa na duara la kijani kizito, zuri kuliko lolote la Bangboka. Hapo ndipo Papa Célestin huweka kiti chake. Hapo ndipo huonyesha wageni na kuwaeleza juu ya "technique" yake ya miaka thelathini na moja.

Alikaa kwenye kiti hicho mara ya mwisho, kama dakika tano. Tuseme kweli, ilimuuma. Yalikuwa majani pekee aliyowahi kukata yakiwa ya kwake. Kisha akasogeza kiti, akainua jembe, akalipiga duara katikati.

Chini yake udongo ulikuwa mweusi, laini, wenye minyoo minene kama wabunge. Akachukua kiganja, akanusa. Miaka ishirini ya ufagio wa Delphine. Alichimba siku mbili. Alihamisha udongo ule wote mpaka kwenye kipande cha pembeni, akang'oa majani ya Moussa moja moja kwa vidole, akapanda kwa mara ya nne.

Wiki ya nne lenga-lenga ilimfika gotini, kijani cha kumfanya mtu ameze mate. Papa Célestin hakupiga simu. Alivuna fungu moja, akalifunga kwa jani la ndizi, akalituma kwa baleinière, mashua ya mota inayoshuka Yanonge. Halafu akangoja siku tatu kwa adabu ya mshtakiwa.

Simu ikalia yeye akiwa na sabuni kichwani.

"Célestin! Nani amekufundisha kung'oa lenga-lenga na mizizi?"

"Delphine..."

"Unakata juu! Juu, inachipuka tena. Umeng'oa zote?"

"Hapana. Moja tu. Yako."

"Usiguse ingine. Hata moja. Mi mwenyewe nitakuja kukata. Siku ya posho."

Posho kwetu ni Jumamosi. Sabuni ilimwingia machoni. Alitaka kuuliza kama anakuja kukata au anakuja kukaa, lakini hayo si maswali ya kumwuliza mtu aliyekwisha kuondoka mara moja bila kufungua mzigo.

"Nitakungojea ku mto," alisema. "Eti, Delphine, nijue tu: toleka moja itatosha kwa vitu vyako? Baiskeli haibebi mingi. Ao nitafute pusupusu ya kusukuma mizigo yote?"

Upande wa pili alisikia mtoto wa Tania analia, kinu kinatwanga, mtu anapita akisalimia. Delphine alimjibu yule mpita njia salamu yote mpaka mwisho, bila haraka.

"Tafuta pusupusu," alisema.