Majani ya bangi yalikauka Wembley, "wataalamu" wa mtandaoni wakasema magnesium. Mwenye diploma nikanusa vidole

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioamka na mnaoenda kulala.

Ninachoandika hapa nilikiona kwa macho haya mawili. Asiyeamini apite, nyuzi za kuokoteza ziko nyingi humu.

Nianze kwa kujitambulisha, maana humu kuna watu wanadharau diploma. Mimi nina diploma ya kilimo, upande wa mboga na maua. Niliondoka Morogoro na begi moja, nikakaa London miaka tisa. Nilianza kwa kufagia ofisi za watu, nikaishia kusimamia miche kwenye duka la mimea. Leo nimerudi, nina kitalu changu na nyumba yangu, na hakuna mjomba aliyenichangia hata msumari. Ninyi wenye degree mnaoomba vocha humu, someni taratibu.

Nilikuwa nimepanga chumba Wembley kwa mama mmoja Mkongo, tumwite Mama Furaha. Mtu wa Bukavu, mlokole wa kweli, kazi yake kutunza wazee. Mkataba wa nyumba uko kwa jina lake, na maombi yake ya uraia ndiyo kwanza yalikuwa mezani. Miaka yote aliyohangaika tangu akimbie kwao ilikuwa inasubiri karatasi hiyo moja.

Chumba cha pili alikaa jamaa wa Dar, Rama. Huyu alikuwa mtu wa "nimeona kwenye video". Ufundi bomba kaona kwenye video, biashara kaona kwenye video, hadi kulea mtoto kaona kwenye video na mtoto hana.

Jumamosi moja mchana akanigongea mlango.

"Bro, si una kale kadiploma kako? Njoo uniangalizie majani."

Kadiploma! Nikameza, nikaenda.

Chumbani kuna hema jeusi la kuoteshea mimea, kubwa kama kabati, taa za LED zinawaka kama uwanja wa mpira. Ndani miche kumi ya bangi, safu mbili za mitano mitano, bado haijatoa maua wala haijaanza kunuka. Majani yana mabaka ya kahawia.

"Kuna forum ya Wazungu, wamesema ni upungufu wa magnesium," akaniambia. "Mwingine kasema mbolea imezidi. Mwingine kasema maji ya London yana chokaa. Nimefanya vyote."

Yaani mgonjwa mmoja, waganga watatu, na kanywa dawa zote.

Wakuu, jani husomwa. Magnesium ikipungua, majani ya chini ndiyo huanza, yanageuka njano katikati ya mishipa. Mbolea ikizidi, zinaungua ncha. Fangasi nayo haina adabu, ingehamia safu zote.

Hapa iliumwa safu ya mbele tu, upande wa zipu. Majani ya juu tu. Na kila baka lilikuwa katikati ya jani, ukubwa wa dole gumba. Safu ya nyuma kijani kibichi. Ugonjwa gani unaishia pale mkono wa mtu unapofika?

Nikashika jani, likateleza. Nikanusa vidole.

Mafuta ya mzeituni.

Nikajua, ila kwanza nikamwambia Rama la muhimu. "Toa hivi vitu humu. Polisi wakija wataanza na jina lililo kwenye mkataba, na mama wa watu uraia atausikia redioni."

Akacheka. "Nimekuita kwa majani, sijakuita kwa mahubiri. Kwanza mama mwenyewe anaipenda. Nimemwambia ni sombe ya Kizungu."

Kwa msiojua, sombe ni kisamvu cha Wakongo. Mkongo aliye ughaibuni ukimtajia sombe mbichi, umemshika moyo.

Nikashuka jikoni. Mama Furaha anachambua maharage.

"Mama, huwa unaingia chumbani kwa Rama?"

"Ndiyo, mwanangu. Ile sombe iko nateseka. Rama akienda kazi, minaipakaka mafuta ya maombi, jani moja moja. Ikikomaa tutaitwanga, tupeleke kanisani siku ya wamama."

Nilivuta kiti. Picha iliyonijia ni mchungaji, wamama wenye vitenge vya sare, na sufuria zima la bangi kwa mawese.

Najua mtauliza alishindwaje kuitambua. Jani la bangi lina meno kama msumeno, la muhogo halina. Lakini mama alikulia mjini, sombe aliijua imeshatwangwa, na London anainunua imegandishwa kwenye mfuko. Simcheki yeye.

Kwa nini sikumwambia palepale? Mama Furaha hajui kunong'ona. Angekemea pepo la bangi hadi kituo cha treni, na jirani wa ukutani ndiye angepiga simu.

Sasa hapa ndipo diploma ilipofanya kazi. Mafuta juu ya jani, chini ya taa kali, ni kikaango. Tena yanaziba vitundu ambavyo jani linapumulia, na vingi viko upande wa chini. Hilo Rama hakuliona kwenye video.

"Mama," nikamwambia, "ombea na safu ya nyuma. Na usisahau upande wa chini wa jani."

"Eh, Mungu akubariki. Wewe umesoma kweli!"

Nikapanda juu kwa Rama. "Wazungu wako sahihi. Magnesium. Ongeza."

Wiki tatu, mche wa mwisho ukakauka. Rama akakunja hema lake, akahamia Ilford, huku akiniambia diploma yangu ni feki. Hema nilimsaidia kubeba mwenyewe, hadi mlangoni.

Mama alilia. "Maombi yangu haikupokelewa." Hilo liliniuma kuliko nilivyotegemea. Nikamnunulia mifuko minne ya sombe ya kugandisha, wamama wakala, wakaimba.

Ukweli nilimwambia siku ninarudi nyumbani, mabegi yako mlangoni. Uraia alikuwa ameshapata.

"Mama, ile haikuwa sombe. Ilikuwa bangi."

Akashika mlango. "Na miye nilikuwa napaka mafuta?"

"Kila asubuhi."

Akacheka hadi machozi. "Basi ilipokelewa, mwanangu! Minaombaka Mungu alinde hii nyumba. Sombe nilikuwa naongezea tu."

Nilichojifunza: jani likiwa na doa, kabla ya kukimbilia mtandaoni, uliza nani mwingine ana ufunguo wa chumba.

Wenye degree, uwanja wa chini hapo ni wenu. Leteni uchunguzi wenu, niusahihishe.