Riwaya ya Waojibwe na swali la Halima

Leo mtoto ameniuliza swali nikakosa pa kuangalia.

Nafundisha Gredi ya Sita hapa Njiru. Tunasoma riwaya kuhusu familia ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini. Darasa limeipenda. Wameshazijua nyumba za magome ya miti, na mpunga wa porini unaovunwa ziwani kwa mtumbwi.

Leo tulifika pale wanajeshi wanapowaamuru wahame.

Halima ndiye aliyekuwa akisoma. Akakatiza katikati ya sentensi.

"Mwalimu, hawa angalau waliambiwa mapema. Kwetu tingatinga lilikuja kubomoa nyumba Jumapili tukinywa chai."

Sikuwa najua. Wiki yote amekuja na sare safi.

Mwenzake wa dawati akamuuliza polepole, "Sasa mnalala wapi?"

"Msikitini, na mama na mtoto mdogo."

Kisha akanigeukia. "Hawa kwenye kitabu walirudi kwao?"

Jamani, mimi nimeshakisoma hadi mwisho.

"Hapana, Halima. Hawakurudi."

Akasema sawa, akatafuta mstari alipoachia, akaendelea kusoma. Mimi ndiye niliyeshindwa kufuatilia.

Walimu wenzangu, nyinyi mngemjibu nini?