Mkurugenzi Aliyebeba Jiwe

Ijumaa ile ya mfungo Engida alikaanga buni mwenyewe. Majirani wa mtaa wa Gulele walimcheka siku zote kwa hilo: mwanamume mzima, mfumaji wa mashuka, kainamia jiko la mkaa kama bi harusi, na mkewe yuko sebuleni anatoa amri kwenye simu. Hakujali. Mwenye nafasi ndiye aliyekaanga.

Yeshimebet alionja, akakunja uso.

"Umeiunguza tena, Baba Hirut. Hii tungepaka viatu."

"Vyako au vyangu?"

"Vyako. Vyangu vina heshima zake."

Akajitanda shuka jeupe alilofumiwa na mumewe, akatoka kwenye manyunyu. Hiyo ndiyo asubuhi yao ya mwisho iliyofanana na za watu wengine. Yeshimebet aliendelea kuishi baada ya hapo, lakini hakutania tena.

Kazi aliianzia dirishani, akiuza tiketi za Tekeze, shirika dogo la ndege za ndani ya nchi. Enzi hizo abiria aliulizwa jina lake, la baba yake na la babu yake, maana nchini kwao hakuna jina la ukoo, na wanaofanana jina mpaka la baba ni wengi. Maswali yalichukua muda. Foleni ilifika barabarani, watu wakatukanana kwenye jua. Yeshimebet alipopewa usimamizi, alilifuta swali la babu. Foleni ikaisha. Magazeti yakamsifu, wakubwa wakampenda, akapanda ngazi hadi akawa mkurugenzi mkuu. Wanaume aliowapita wakambandika jina la Muuza Tiketi. Aliliitikia.

Ijumaa hiyo, mchana, ndege ya Tekeze iendayo mji wa Kombolcha iligonga mlima ndani ya ukungu. Hakupona mtu.

Jioni lango la shirika lilijaa. Wenye televisheni walitaka majina. Mwenyekiti wa bodi, Bwana Kifle, akataka yasomwe upesi, yaishe. Yeshimebet alikataa. Kwao msiba hautangazwi hivyo. Mfiwa huachwa alale. Alfajiri wazee na jamaa humfuata nyumbani, wakasimama mlangoni, wakamwambia huku wamemshika asianguke. Alisema hakuna mtoto atakayeambiwa na sanduku la televisheni kwamba baba yake amekufa. Nje wakapiga kelele kwamba anaficha maiti. Alizisikia zote.

Akatuma watu mitaani wakatafute nyumba za marehemu na wazee wa kuziendea. Palipopambazuka, wazee waliingia kila nyumba.

Gulele waliingia kwa Mama Atsede, mjane, wakamwambia mwanawe amefariki: Mesfin, mwana wa Alemu. Mama hakuuliza kitu. Mesfin wake alikuwa amekwenda Kombolcha kununua ngozi, na wazee wamesimama mlangoni alfajiri. Atauliza nini zaidi? Wakamshika wasimwache aanguke. Akafia mikononi mwao.

Jumapili lori la ngozi lilisimama mbele ya nyumba ile, Mesfin akashuka. Akaona turubai la msiba uani kwake. Akauliza nani amekufa. Waliokuwa chini ya turubai walimkimbia.

Aliyekufa kwenye ndege alikuwa Mesfin mwingine, wa Alemu mwingine, mtu wa mtaa wa Kolfe. Babu zao tu ndio walikuwa tofauti. Na watoto wa huyo wa Kolfe, ambao wazee hawakuwafikia, walikwisha kupata habari kwenye redio, majina yaliposomwa baada ya alfajiri ile.

Mji ukamgeukia Yeshimebet. Waliotaka majina na waliomsifu kwa kuyazuia, wote wakawa kitu kimoja. Engida akienda kununua nyuzi sokoni, mtu alisema nyuma yake, si kwa sauti ya chini: "Mke wa huyu anaua mpaka waliobaki nyumbani." Hakugeuka. Alinunua nyuzi, akarudi.

Bodi ilimtafutia Yeshimebet mlango wa kutokea. Amtaje binti wa dirishani aliyeandika tiketi, afukuzwe, wao wampe yeye likizo. Akawajibu kwamba binti yule aliandika alivyofundishwa, na swali la babu alilifuta yeye. Wakamwondoa yeye.

Akarudi nyumbani. Kisha akasema anakwenda kwa Mesfin na jiwe kisogoni, kwa desturi ya kwao ya kuomba msamaha. Mwanasheria wa shirika akaja mbio kumkataza: mwenye kubeba jiwe amekiri, na kesi itawafuata wote. Yeshimebet akamwambia ndiyo, amekiri.

Engida alimchagulia jiwe dogo nyuma ya nyumba. Yeshimebet akaliacha, akainua la kusagia, akaliweka kwenye kisogo na kuinama. Walikwenda hivyo, wazee mbele, Engida ubavuni, mvua juu yao. Wapiga picha walikuwa wameshafika. Kijana mmoja akasema tiketi zimepanda bei leo, na wenziwe wakacheka.

Langoni wazee walimwita Mesfin, wakamwomba kwa jina la Mungu. Aliyekosewa huwa anatoka na kusema neno moja, tua, na jambo linakwisha.

Mesfin alitoka. Alikuwa kijana, kichwa amekinyoa kwa msiba. Alimtazama yule mama aliyeinama.

"Mama, una mtoto?"

"Ninaye mmoja."

"Nani?"

"Hirut."

"Wa nani?"

"Wa Engida. Wa Sahle."

"Kumbe kuyataja yote matatu si kazi," alisema Mesfin. Akafunga lango.

Wazee walibisha. Walibisha tena. Lango halikufunguliwa. Wala Mesfin hakuja Yeshimebet alipougua mwaka uliofuata, wala hakuonekana makaburini. Engida alimtafuta kwa macho kati ya waliokuja kuzika.

Siku ile ya mvua wazee walichoka. Wakamwambia Yeshimebet inatosha, Mungu ameona, kijana ana uchungu, atalainika. Wakajifunika mashuka yao, wakaondoka. Shingo yake ilikuwa ikitetemeka. Engida akanyoosha mikono alipokee jiwe. Yeshimebet akamsukuma kwa kiwiko, akageuka kuelekea nyumbani akiwa bado ameinama, akasema:

"Liache, Engida. Mwenye kuniambia nitue hajasema."