Pikapu Iliyopanda Ua

Niliendesha malori ya masafa marefu mpaka magoti yakakataa, na siku nilipokabidhi ufunguo wa mwisho sikuwa na hamu ya shamba wala ya kuitwa mzee. Nilikuwa na hamu ya kulala. Nikarudi Vwawa, kwenye nyumba niliyoijenga na marehemu mke wangu juu kidogo ya barabara kuu, nikanunua godoro nene, nikajilaza chali kama bwana harusi. Usingizi haukuja. Haukuja kesho yake, haukuja mwezi uliofuata. Nilikuwa nasinzia kidogo alfajiri, na jogoo wa jirani alikuwa akihakikisha sizidishi.

Huku kwetu salamu ya asubuhi humuuliza mtu kama amelala. Jirani yangu, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, hupita kwenye uzio kila siku akiniuliza, "Mwagona?" Maisha yangu yote nimeijibu salamu hiyo bila kufikiri, lakini sasa ilianza kunichoma. Asubuhi moja nilimwambia kwamba sijalala na aache kuniuliza. Akacheka mpaka akashika uzio, akadhani ni utani. Nilimchukia siku nzima.

Wakati huo binti yangu wa mwisho alikuwa amekuja kujifungulia kwangu, mumewe akihangaika na dhahabu huko Mbangala. Nilimpa chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama uani, kwa sababu ndicho chenye jua, na mtoto mchanga na baridi ya Mbozi havipatani. Yeye ndiye aliyenipeleka hospitali. "Baba, unanitisha," alisema. "Unakaa kama mtu anayesikiliza kitu ambacho sisi hatukisikii."

Daktari alikuwa kijana mpole. Aliniuliza maswali mengi kuhusu kahawa, pombe na mawazo, kisha akaniandikia vidonge vya muda mfupi. Nimeze kimoja tu, nikiwa tayari kitandani. Nisichanganye na pombe. Nikishameza nisiendeshe gari.

"Daktari," nilimwambia, "nikishameza nitakuwa nimelala. Nitaendeshaje?"

Hakucheka. Alirudia maneno yaleyale, polepole, na mimi nikaitikia kama mtoto wa shule anayetaka kengele igongwe.

Dawa ile ilifanya kazi. Haukuwa usingizi ninaoujua, ule wa kuteremka kidogo kidogo huku ukisikia mbwa na malori. Nilimeza, nikavuta blanketi, na palepale ilikuwa asubuhi. Katikati hapakuwa na kitu, hata ndoto. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikalia kwa furaha, sioni haya kusema. Jirani alipopita na salamu yake nilimjibu kwa sauti ya kusikika barabarani.

Nina pikapu kuukuu ambayo huwa naiegesha chini ya mparachichi, mbali na nyumba, uso ukitazama ndani. Asubuhi moja niliikuta imeachana na mparachichi. Si sana, lakini majani yaliyokuwa yakidondokea boneti sasa yalikuwa yamedondokea nyuma. Nikasema breki ya mkono imelegea. Siku iliyofuata ilikuwa imesogea tena. Nikaingia chini ya gari na spana, nikaikaza ile breki mpaka mkono ukaniuma, na nilipotoka nikiwa na vumbi kichwani nikatazama ua wangu vizuri kwa mara ya kwanza.

Ua wangu unateremka kwenda barabarani. Gari likiachia breki, linarudi nyuma na kugonga uzio. Hili lilikuwa linapanda. Lilikuwa linaelekea nyumbani.

Jirani alikuja kutazama, mikono nyuma. Kwanza akasema ni wezi. Nikamuuliza mwizi gani anaiba gari kwa kulipeleka chumbani kwa mwenyewe. Akafikiri, kisha akashusha sauti na kusema kuna mambo ya kuombewa, na kwamba angeweza kuwaita wenzake wa kanisani. Nilimwambia pikapu yangu haina pepo, ina kutu. Hata hivyo alipokwenda kwake akarudi na jiwe kubwa akalilaza mbele ya tairi. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto, akitusikiliza. Hakusema neno, nami nikadhani ni uchovu wa kunyonyesha.

Asubuhi pikapu ilikuwa imepanda tena. Nililitafuta lile jiwe mbele ya gari sikuliona. Lilikuwa nyuma, kwenye tairi la kushoto, limesimamishwa wima, ncha yake imeingia chini ya tairi kama kabari. Mtu asiye dereva hulaza jiwe popote, upande wowote, akaridhika. Huyu aliyeliweka alijua kwamba gari lililo mlimani huzuiwa nyuma, na alijua ni upande gani wa jiwe unaouma. Ndivyo ninavyoweka mimi, na ndivyo nilivyoweka maisha yangu yote.

Kandambili zangu zilikuwa chini ya kitanda, mahali pake, na zilikuwa na udongo mbichi.

Anayeijua foleni ya Tunduma atanielewa. Malori yanajipanga barabarani kusubiri kuvuka mpaka wa nchi, na siku ikiwa mbaya mkia wake huwezi kuuona kwa macho. Foleni haitembei, inasogea. Inasogea urefu wa lori moja, inasimama, unasubiri hujui mpaka lini, kisha inasogea tena. Ukilala na nafasi ikafunguka mbele yako, mwenzako wa nyuma anaichukua, na matusi hayatakurudishia. Kwa hiyo mwili unajifunza. Unalala umeuinamia usukani, taa za mbele yako zikiondoka mkono unaachia breki wenyewe, mguu unakanyaga wenyewe, unasogea, unasimama, unateremka kuweka jiwe, unapanda, na wewe mwenyewe hupo. Nimewahi kuamka nikakuta kibanda cha chai kilichokuwa ubavuni mwangu kimebaki nyuma kabisa, nami sikumbuki kitu. Madereva wote tulikuwa hivyo. Asubuhi tulichekana.

Sasa nilisimama uani kwangu na jiwe miguuni, na hakuna aliyekuwa akicheka. Kitu kile kilikuwa kimestaafu pamoja nami, kikakosa kazi. Dawa ilinilaza mimi tu.

Pamoja na kuyajua hayo, jioni nilimeza tena. Nilijiambia kwamba nimeuficha ufunguo ndani ya debe la mahindi, kana kwamba aliyeuficha na atakayeutafuta ni watu wawili.

Nilipoamka, mlango wa mbele ulikuwa wazi na jua lilishaingia sebuleni. Binti yangu alikuwa amekaa barazani kwenye kigoda, amevaa kama mtu wa safari, mtoto mgongoni. Bampa ya pikapu ilikuwa chini ya dirisha la chumba chake, karibu kabisa na ukuta.

"Baba, kaa," alisema.

Nikakaa.

"Nimekuona tangu mwanzo. Huwa naamka kumnyonyesha. Mara ya kwanza nilidhani umetoka kupasha injini moto, nikasema gari ni la baba, ua ni wa baba. Halafu asubuhi ukawa unaamka na furaha, unaimba bafuni. Tangu mama afariki sijakusikia ukiimba. Nikanyamaza."

"Na jana?"

"Jana gari lilikuja mpaka dirishani. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikatoka, nikasimama kati ya gari na ukuta. Nikakupungia mikono. Nikakuita baba, baba, mpaka sauti ikakauka." Akamrekebisha mtoto mgongoni. "Hukuwa umefumba macho. Taa ulikuwa umewasha, na mwanga ulirudi ukutani nikakuona uso vizuri. Ulinitazama, baba. Ulinitazama kama madereva wanavyowatazama wauza karanga barabarani. Ukaweka gia."

Nilitazama nafasi iliyobaki kati ya bampa na ukuta. Ingemtosha mtu mwembamba, akijibana. Mtoto alikuwa mgongoni, upande wa ukuta.

"Nilisimamaje?" nikauliza.

"Kuita baba hakukusaidia. Nikakumbuka ulivyokuwa ukituhadithia mambo ya Tunduma. Nikapiga boneti kwa kiganja, nikasema, dereva, geti limefungwa. Ukasema, haya mama. Ukazima, ukavuta breki, ukateremka kuweka jiwe. Ukanipita, bega lako likagusa la kwangu, ukaenda kulala." Alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Hata samahani hukusema. Hukujua ni mimi."

Nilikwenda hospitali siku ileile, nikiwa na vidonge mfukoni. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba dawa za aina hii huwafanya watu wachache waamke nusu. Wapo wanaopika, wapo wanaopiga simu, wapo wanaoendesha, na asubuhi hawakumbuki lolote. Nisimeze tena hata kimoja. Alivichukua vilivyobaki, akaanza kunieleza njia nyingine za kuutafuta usingizi, za polepole, zisizo na kidonge. Nilimuuliza kama kile kitu ndani yangu kilimwona binti yangu. Alisema macho yalimwona. Zaidi ya hapo hakutaka kusema, nami nilimheshimu kwa hilo.

Ufunguo wa pikapu anao jirani. Nikitaka kwenda popote nakwenda kwake mchana kuuomba, na yeye hunitazama machoni kwanza kabla hajanipa, kisha hujifanya anatafuta ulipo. Usingizi umerudi kuwa kama ulivyokuwa, wa kuokoteza. Nasikia malori yakipunguza gia kwenye mteremko na najua nipo, mikono yangu ipo juu ya blanketi, na ninaitazama.

Binti yangu hakuondoka siku ile. Alihamia chumba cha nyuma, kile chenye baridi, na fundi akamfungia komeo la ndani, yeye mwenyewe akimwelekeza. Hajanilaumu hata mara moja. Mchana, kazi zikipungua, huniletea mtoto barazani nimpakate, na husema mjukuu wangu hatulii kwa mtu mwingine kama anavyotulia kwangu. Ni kweli, hutulia. Lakini anaponikabidhi, mkono wake mmoja haumwachii. Unabaki umeshika kisigino cha mtoto, na tunakaa hivyo sote watatu, tukizungumza habari za mvua na bei ya kahawa, mpaka atakapomchukua.