Chui Ndani ya Karatasi ya Kaki

Mwenye duka la vitenge pale Kariakoo, mjane aliyesomeshwa na masista, alilowesha kidole kwa ncha ya ulimi kila alipofungua ukurasa. Mwezi ule mzima alisoma riwaya za Kiingereza, zile zilizoanza kuja na mitumba biashara ilipofunguliwa: nne za mwanamume anayegeuka chui akishapenda, na moja ya mpelelezi. Zote alizivika karatasi ya kaki kama madaftari ya shule. Mteja akiingia, alimaliza kwanza sentensi, kisha akampimia kitambaa bila kumpunja hata inchi.

Jumamosi moja wifi yake, Anaeli, aliinama juu ya kaunta akanong'ona, "Wifi, mtaani wanasema humo unaficha barua za mwanamume. Jina la kaka yangu, jamani!"

Mama yule alichana taratibu kaki ya kitabu alichokishika. Kwenye jalada alisimama mwanamume kifua wazi, na chui akichungulia begani kwake.

"Mwanamume mwenyewe huyu hapa. Ana mkia."

Anaeli alicheka hadi akashika kaunta. "Haya, kivike tena basi!"

"Sikivishi. Nyumba ya kaka yako haina cha kuficha." Akakisimamisha mbele ya vitenge, jalada likitazama barabarani, akalowesha kidole na kufungua kingine.